Sitawafundisha Kunusa Papaini

Vijana wa depo, ujumbe wenu nimeupata. Mnaomba nije Jumamosi niwafundishe kunusa papaini kama nilivyokuwa nikinusa zamani. Mmeandika kwa heshima nyingi, mpaka mmeniita Mama Pua. Nilicheka peke yangu jikoni hadi ikanibidi nitafute pompi yangu ya kupuliza dawa. Nitakuja. Lakini kunusa sitawafundisha, na kabla hamjanuna, someni mpaka mwisho.

Wapo kati yenu walioanza kazi juzi tu, basi nianze na wao. Papaini ni utomvu wa papai bichi. Kule Beni na Oicha, chini kwenye joto, mkulima anaamka mapema, anachanja ngozi ya papai kwa wembe, na utomvu mweupe unadondokea kitambaa alichofunga kuzunguka mti. Anaukausha kwenye tanuru yenye moto mdogo mpaka unakuwa chengachenga, kisha anaupandisha huku kwetu Butembo kwenye baridi. Sisi tunakagua, tunapima, tunachekecha, tunafunga, unakwenda ng'ambo. Huko wanalainishia nyama, wanatengenezea dawa, na mengine ambayo hatujaambiwa.

Ni kitu kinachokula. Msilisahau hilo hata siku moja. Mimi kilinila vidole mpaka alama zikafutika. Siku ya kuandikishwa kadi ya kura, kijana wa mashine alikibonyeza kidole changu mara tano, akanifuta na kitambaa, akabonyeza tena. Mwishowe akaniuliza, "Mama, hizi vidole ni zako?" Nikamjibu kwamba nilivikopa kwa jirani.

Kazi yangu ilikuwa kukagua. Kuna wauzaji wanaochanganya unga wa muhogo, kwa sababu rangi inakaribiana. Papaini safi inachoma kidogo ndani ya pua, unga hauchomi. Basi nilikuwa nafungua gunia, nachota kidogo kwenye kiganja, nasugua kwa kidole gumba, navuta. Nikitikisa kichwa, mtu anarudi Beni na mzigo wake. Nikisema "pandisha," Mbusa anaupandisha kwenye mizani. Huyu Mbusa alikuwa mpima mizani wetu, mtu mfupi, Mkatoliki wa kuamkia misa, mwenye utani hata msibani.

Pua nilifundishwa na Mzee Kakule, aliyekagua kabla yangu. Alikuwa na sheria zake. Usile kitunguu asubuhi. Usijipake mafuta ya kunukia. Pua ya kulia kwanza, kisha ya kushoto, na kati yake utazame ukuta ukiwa umefunga mdomo. Na kitambaa usoni alikikataza kabisa. "Kufunga pua mu hii kazi," alisema, "ni kula sombe na mudomo umefungwa." Nilimpenda mzee yule. Alinifundisha pale ambapo wanaume wengine walisema mwanamke akae kwenye kuchekecha.

Lakini alikohoa tangu siku niliyomjua. Kikohozi kikimbana anatoka nje, anashika ukuta, anainama, kisha anarudi na macho mekundu na kusema kwamba vumbi la barabara za Butembo litatumaliza. Sisi sote tukailaumu barabara. Alipofariki, kifua kikiwa kimemfunga adhuhuri moja, nyumbani kwake walisema amewekewa sumu. Jirani mmoja aliyekuwa amemkaribisha pombe ya kasiksi wiki ile akaachwa na watu wote. Hakuna aliyemsalimia tena, na watoto wake walikuwa wakichota maji peke yao.

Mimi nilijua kifua cha Mzee Kakule kilivyokuwa kikipiga filimbi, kwa maana changu kilikuwa kimeanza kupiga ileile. Nikanyamaza. Mkiniuliza kosa langu kubwa kazini ni lipi, wala si gunia lolote. Ni kimya kile, na kinaniuma mpaka leo.

Sasa ngoja niwaambie inavyoanza, maana haiji na ngoma. Ilianza na kikohozi cha saa kumi alasiri. Kisha usingizi wa kukaa, mito miwili mgongoni. Kisha ngazi za kanisa zikawa ndefu. Naimba sauti ya pili katika kwaya yetu, na nilianza kukata maneno katikati ili nivute pumzi, mwalimu wa kwaya akidhani nimesahau wimbo.

Jambo la ajabu ni kwamba kila Jumapili nilikuwa mzima. Jumamosi mchana kifua kinalegea, Jumapili naimba kama msichana. Nikaamini ni mkono wa Mungu. Nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimepona, watu wakapiga vigelegele, mchungaji akaniombea. Jumatano yake sikuweza hata kumwita muuza maandazi aliyekuwa hatua kumi mbele yangu. Nikarudia ushuhuda ule mara ya pili baada ya miezi kadhaa, maana sikujifunza. Watoto wangu, Mungu alikuwa akinionyesha jambo wazi kabisa: ukiwa mzima siku ya mapumziko na mgonjwa siku za kazi, tazama kazi.

Muuguzi wa kituo cha afya alinisikiliza kifuani, akaniuliza nafanya nini. Nilipomwambia, akaweka kalamu mezani. "Mama, ni asma. Na iko inatoka mu ile poda. Dawa nitakupatia, mais kama unaendelea kunusa, dawa itachoka mbele yako." Akanipa pompi ya pumu, ile ya kupuliza mdomoni, na akanionyesha jinsi ya kuitumia. Tikisa kwanza, toa pumzi yote, puliza huku ukivuta, shikilia, hesabu pole pole mpaka kumi. Na akaniambia tena na tena nisikae mbali nayo.

Nikaifunga kwenye pindo la kikwembe changu na sikumwambia mtu. Mnafahamu kwa nini. Mwanamke anayekohoa, watu wanakisogeza kikombe chake pembeni, wanasema ni kifua kikuu. Na mkaguzi asiyeweza kunusa, nani atamweka? Nilikuwa na watoto watatu shuleni na pua moja. Basi nikawa naenda kupuliza dawa chooni. Nilienda chooni mara nyingi hivi kwamba Mbusa aliniletea dawa ya minyoo, kisha ya kuhara, na mwisho akanishauri niache maharage. Nilizipokea zote kwa shukrani.

Lakini Mbusa hakuwa mjinga. Kila asubuhi, akiwa anafuta mizani yake, alikuwa ananiuliza, "Mama Kahambu, pumuzi iko?"

"Iko," nilikuwa namjibu.

Hiyo ndiyo salamu yetu ya miaka mingi, na miaka mingi nilimdanganya.

Niwape kicheko kidogo kabla ya yale magumu. Noeli moja patron, mwenye depo, alitupatia mbuzi dume mzee, mwenye nyama ya kushinda meno. Mbusa akasema sisi ndio wenye dawa ya kulainisha nyama ya ng'ambo yote, itakuwaje tutafune viatu? Akainyunyizia papaini. Ilifaa kuwa chembe, yeye akatia konzi, akaiacha, akaenda misa. Misa ya Noeli mnaijua ilivyo ndefu. Alipofunua sufuria hapakuwa na nyama tena, palikuwa na uji wenye mifupa. Tulimla yule mbuzi kwa kijiko. Mbusa akasema ni mbuzi wa wasio na meno, akalibeba jina hilo mwaka mzima.

Sasa Katungu. Alikuwa mkulima wa upande wa Oicha, mwembamba, mwenye sauti ya chini, alikuja na gunia lake limefungwa nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwetu. Nikachota, nikasugua, nikavuta pua ya kulia. Sikusikia kitu. Ya kushoto, sikusikia kitu. Asubuhi ile pua yangu ilikuwa imeziba tangu nilipoamka, lakini je, ningejiambia hivyo? Nilikuwa Mama Pua.

"Hii iko na unga," nikasema.

"Hapana unga mule, mama. Miye na bwana yangu tulichanja ile mapapai wiki muzima. Weka mu maziwa, utaona. Sisi kule nyumbani tunapimaka na maziwa."

Wauzaji wengine walikuwa wamepanga foleni, wanatazama. Sikupenda kufundishwa kazi mbele yao. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba siku hizi hata wanawake wa Oicha wamejifunza wizi. Ndivyo nilivyosema, sifichi. Katungu machozi yakamlenga, akanisogezea gunia. "Basi nusa tena, mama. Nusa muzuri."

Nikaingiza uso mzima ndani ya gunia nikavuta kwa nguvu zote, ili nimwaibishe.

Kifua kikafunga. Watu wanadhani mwenye asma anashindwa kuvuta hewa. Kwangu kuvuta kuliwezekana kidogo, kutoa ndiko kulikokataa, na hewa ya zamani ikawa imejaa ndani haina mlango. Nikapiga magoti. Nikaona viatu vya watu vinakimbia, nikasikia mmoja anapaza sauti, "Amemuwekea sumu! Ni mu gunia, amemuwekea sumu!" Na nilipoinua macho, wanaume wawili walikuwa wamemshika Katungu mikono, mwingine anamvua kilemba kutafuta alichoficha.

Machoni pangu nikamwona jirani wa Mzee Kakule, yule aliyesingiziwa sumu. Nilimwona kweli, na watoto wake kisimani. Nilikuwa na pumzi ya neno moja au mawili, na nilijua nikiyasema, kazi yangu imekwisha.

"Asma," nikasema. "Si yeye. Asma. Kikwembe."

Wanaume wale hawakuelewa, lakini Katungu alielewa. Akajikwanyua, akaja akachuchumaa mbele yangu. "Mutoke, bandugu! Munamunyima hewa! Hapana sumu, ni asma, mudogo wangu iko nayo tangu utoto." Akanikalisha, akaniinamisha mbele, mikono yangu akaiweka juu ya magoti yangu. Akalifungua pindo la kikwembe kwa meno, akaitikisa pompi. "Toa kwanza, mama. Kidogo tu. Toa kama unazima kibatari. Njo vile. Sasa vuta." Akapuliza, akahesabu nami. Akasubiri kidogo, akapuliza tena. Mkono wake mmoja ulikuwa mgongoni mwangu muda wote.

Tukapanda moto mpaka kituo cha afya, mimi katikati, yeye nyuma amenishika ili nisianguke. Kabla ya kuondoka alimgeukia Mbusa akamwambia neno moja tu: "Maziwa."

Niliporudi depo siku ya pili, Mbusa alinionyesha kikombe. Alikuwa amenunua maziwa mabichi kwa wale wanaoyaleta kutoka milima ya Lubero, akayapasha vuguvugu, akatia chembe ya papaini ya Katungu iliyokorogwa kwenye maji. Yalikuwa yameganda ukingo hadi ukingo, ungeweza kuyakata kwa kisu. Papaini safi kabisa, maana unga haugandishi maziwa. Katungu alikuwa amekaa juu ya gunia lake, amerudi kutafuta jibu. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilimwomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu nilimtukana mbele ya watu. Akasema, "Imepita, mama," lakini niliona haijapita yote, na alikuwa na haki.

Patron akaniita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa biashara. "Mama Kahambu, pole sana. Mais sasa, kama hapana kunusa, utafanya nini hapa?"

Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitawaambia nini watoto. Ni Mbusa aliyeingia bila kubisha, kofia mkononi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Patron, unakumbuka ile mbuzi dume ya Noeli?"

"Nakumbuka."

"Ile poda ilimukula mpaka mifupa, saa mbili tu. Donc huyu mama, miaka yote anaivuta mu kifua, ju ya depo yako. Tena Mzee Kakule vilevile. Na sisi tulikuwa tunasema ni barabara."

Patron akatazama meza. Kisha Mbusa akamwomba atoke nje kidogo. Barazani alikuwa amepanga vikombe, na Katungu alikuwa anapasha maziwa juu ya makaa. Wakapima magunia yote yaliyokuwa kwenye foleni asubuhi hiyo, kikombe kwa kikombe, mimi nikihesabu polepole kwa sauti. La kwanza likagandisha. La pili likagandisha. La tatu lilikuwa la shemasi mmoja aliyeheshimika, ambaye papaini yake niliipitisha tangu zamani kwa kuivuta mara moja na kutabasamu. Tukahesabu. Tukahesabu tena. Mbusa akasema tunaweza kuyanywea chai maziwa yale. Unga wa muhogo, karibu nusu nzima.

Watu wakacheka, shemasi akakumbuka safari ya haraka. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza pua yangu ilikuwa imekufa tangu lini, na ni wangapi nimewarudisha Beni na mzigo wao safi, na ni wanafiki wangapi nimewaambia "pandisha." Hilo sitalijua kamwe. Patron aliingia ndani, akatoka na kikombe chake mwenyewe cha chai, akakiweka pamoja na vile vingine. Nikabaki na kazi.

Tangu hapo nilikaa barazani, upepo ukitokea mgongoni. Gunia linafunguliwa nje, na anayelifungua amefunga kitambaa kinene usoni. Sakafu inanyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa. Mbusa aliweka pompi ya pili kwenye droo ya mawe ya mizani, akamwonyesha kila mfanyakazi mahali ilipo na jinsi ya kuitikisa. Kwaya ilinihamishia mwisho wa mstari, karibu na mlango, na mwalimu akaniambia nipumue ninapotaka, wengine watanishikia wimbo. Na wauzaji, wale niliokuwa nikiwahukumu kwa kutikisa kichwa, walianza kuja kila mmoja na gunia lake na kichupa cha maziwa. Hakuna aliyewaagiza. Katungu ndiye aliyekuwa amewaambia njiani.

Nilikwenda pia kwa mjane wa Mzee Kakule. Nikamweleza yote, na kwamba nilijua nikanyamaza. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasimama, akakamata kuku, akaniambia tufuatane. Tulivuka uwanja tukapiga hodi kwa yule jirani. Sitaandika walichosemezana, si changu.

Asma yangu haijapona, msidanganyike. Kuna asubuhi za baridi ambazo natoka kitandani kwa kubembelezana na kifua. Moshi wa makaa ni adui, manukato ya harusi ni adui, na vumbi la barabara nalo, Mzee Kakule hakukosea lote. Katungu siku hizi anakaa Butembo, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tangu vita vilipomtoa kwenye mapapai yake. Kila asubuhi anapita na jagi lake la maji, anasimama dirishani. "Pumuzi iko?" Siku nyingine nasema iko. Siku nyingine nasema "nusu," naye anatua jagi, anaingia, anakaa.

Basi Jumamosi nitakuja. Nunueni maziwa ya asubuhi, yasiyochemshwa, na mtafute vikombe vya kioo ili tuone vizuri. Mimi nitabaki barazani, ninyi mtapita mmoja mmoja, na kabla ya kumfundisha mtu chochote nitamwuliza swali la Mbusa. Kati yenu yupo anayeimba vizuri Jumapili na Jumatano anatafuta pumzi ukutani. Simjui jina, lakini najua yupo, kwa sababu siku zote alikuwepo. Nikikuuliza, mwanangu, usinijibu "iko."